Karatasi Isiyo na Tundu

Wiki iliyopita nilipeleka baibui langu kwa fundi wa Satwa, hapa Dubai, alipunguze urefu. Fundi akainama kutia mafuta kwenye cherehani yake, na mimi nikabaki mlangoni nimeduwaa, sijui hata nilichofuata pale. Ni ile harufu. Mafuta mepesi ya cherehani, yale ya kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba. Kwa wengine hiyo ni harufu ya mama anayeshona. Kwangu mimi ni harufu ya Ijumaa asubuhi, ya marehemu Baba na kipande cha fulana kuukuu, anasugua chuma cha bunduki ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona, nami nina miaka tisa na mapengo mawili mbele.

Msishtuke. Haikuwa bunduki ya kuulia mtu wala mnyama. Ilikuwa bunduki ya upepo, ile unayoikunja kwa mkono ikajaa hewa, kisha ikatema kijirisasi kidogo kama mbegu ya papai. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga chafya kwa adabu. Kwetu sisi, watu wa Unguja wenye damu ya Omani, tuliokaa Dubai mpaka tumesahau nani alitangulia kuja, kulenga shabaha lilikuwa jambo la ukoo. Babu alimfundisha Baba, na Baba alikuwa hodari kweli. Sebuleni kwetu Deira palikuwa na vikombe vyake vitatu vya ushindi, na Mama alikuwa amevitia maua ya plastiki.

Baba alikuwa na imani yake kuhusu bunduki ya kwanza ya mtoto. Iwe nyepesi, mtoto asitetemeke akiinyanyua. Isisukume bega, maana mtoto akiumia mara ya kwanza, mara ya pili atafumba macho kabla hajafyatua. Na iwe ya kimo chake yeye, siyo kimo atakachokuwa nacho mwaka wa kesho kutwa. Watoto wengi, alisema, wanavishwa bunduki kama wanavyovishwa viatu vya Idi, vikubwa, wakulie humo humo. Basi akanisimamisha jikoni, akanikunja mkono, akaweka mwisho wa mwiko wa pilau kwenye mkunjo wa kiwiko changu, akapapasa kidole changu kinafika wapi. Mama alimwambia amalize upesi, wali unaungua.

Kipimo cha mwiko kilionyesha kwamba bunduki aliyoniwekea kwenye klabu yake ya kulenga shabaha ilikuwa ndefu kwa vidole vinne. Sheria haikuruhusu bunduki kutoka klabuni, hata hii ya kupiga chafya. Ilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili. Lakini kitako chake cha mbao kilifunguka kwa skrubu, na kitako si bunduki. Tukakifunga kwenye taulo tukakipeleka Al Jaddaf, kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akichonga mbao za vyombo vya baharini, mwenye penseli nyuma ya sikio na unga wa mbao kwenye nyusi. Alikicheka kwanza. Kisha akakikata vidole vinne, akakipiga msasa. Baba akakipokea, akakipapasa kwa dole gumba pale palipokatwa, taratibu, huku na huku, akamrudishia. Fundi akapiga msasa tena. Baba akapapasa tena. Mara tatu hivyo, nami nimekaa juu ya gogo la msaji nalamba aiskrimu, najiona binti wa mfalme anayetengenezewa kiti.

Tulikwenda na kurudi kwa teksi. Baba alikuwa ameuza gari mwanzo wa mwaka huo. Alisema foleni za Dubai zinampandisha presha. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu bila gari tulikaa wote kiti cha nyuma, na tukishuka aliniwekea mkono begani mpaka tunafika tunakokwenda. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alitembea mbele, mikono nyuma, nami namkimbilia. Nikajiambia kwamba sasa nimekuwa mtu mzima kidogo, ndiyo maana baba yangu anapenda kutembea nami.

Sasa nieleze jambo lililokuwa likininyima usingizi. Klabu iliruhusu kila mtu mzima aje na mtoto mmoja tu. Na ukoo ulikuwa na watoto wawili waliofikia umri: mimi, na Nassor, mtoto wa Ami Khalfan, kaka yake Baba. Nassor alikuwa na miaka kumi na moja, miguu mirefu, na tabia ya kushinda kila kitu, hata kula. Baba akasema hadharani, kwenye sinia la pilau la Ijumaa kwa Ami Khalfan, kwamba ataanza nami kwa wiki sita. "Baada ya hapo tutatazama," akasema. "Mwenye jicho ndiye atakayeendelea." Nassor akanitazama juu ya mfupa aliokuwa akiung'ata.

Mimi kulenga shabaha sikukutamani hata kidogo. Nilichokitamani ni Baba. Alifanya kazi bandarini Hamriya, kusimamia mizigo ya kwenda Mombasa, Unguja na Mogadishu, na siku sita za wiki nilimjua kwa jozi ya viatu vilivyokuwapo asubuhi na havikuwapo nikirudi shule. Ijumaa ilikuwa yangu. Kama ningeshindwa, Ijumaa ingekuwa ya Nassor, nami ningebaki nyumbani kumchambulia Mama mchele.

Klabu yenyewe ilikuwa mbali, barabara ya jangwani, na asubuhi ya Ijumaa ya kwanza mchanga ulikuwa bado wa waridi pembeni mwa barabara. Nje joto lilishaanza kukuna. Ndani palikuwa na ukumbi mrefu, wa baridi, wa nusu giza, na kule mwisho zilining'inia karatasi ndogo nyeupe zenye duara jeusi, kila moja chini ya taa yake. Watu walinong'ona. Mazulia yalimeza nyayo. Nilipoingia mara ya kwanza nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na ilibidi Baba anirudishe nikavivae.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mwanamke wa Kikenya, Mwalimu Naliaka, kutoka bara huko upande wa magharibi, mkono wake imara na sauti yake ya kuamrisha gwaride. Alitukalisha watoto wote chini siku ya kwanza akatupa amri zake. Mdomo wa bunduki unatazama mbele daima, hata ukiitwa na mama yako. Kidole nje mpaka uwe tayari. Miwani ya plastiki usoni, usivue. "Mtu akicheza na hii kitu," akasema, "ataenda kuchezea nyumbani kwao, na hatarudi hapa. Tumeelewana?" Tukaelewana.

Lakini mimi nilikuwa na shida ambayo Mwalimu Naliaka hakuijua. Chuoni, tulikosoma Kurani, maalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba kila mtu ana malaika wawili, wa kulia anaandika mema, wa kushoto anaandika maovu. Mimi nikaelewa kwamba wanakaa begani, mmoja huku mmoja huku, miguu yao inaning'inia. Sasa ninaambiwa niegemeze kitako cha mbao kwenye bega la kulia! Yule wa mema je, atakaa wapi? Nikatafakari sana jambo hili ndani ya teksi. Mwishowe nikaamua kuomba radhi. Kila mara kabla ya kunyanyua bunduki niligeuza uso kulia nikatoa salamu kimoyomoyo, kisha kushoto, kama unavyomaliza sala, nikanong'ona, "Samahani, sogea kidogo." Mwalimu Naliaka aliona ninavyogeuza shingo, akadhani nanyoosha misuli. "Mmeona huyu? Anapasha mwili," akawaambia wengine. "Fanyeni kama yeye." Ukumbi mzima ukawa unatoa salamu kulia na kushoto, pamoja na mtoto wa Kifilipino na wawili wa Kirusi.

Bunduki ilikaa juu ya kigogo cha kuegemezea, nami nikaegemea nyuma yake, shavu kwenye mbao laini ya Al Jaddaf. Nikachungulia. Duara jeusi likaelea, likaenda, likarudi. Nilihisi kama nimelala na macho wazi. Nikafyatua. Chafya. Nikafyatua mara tano, kama ilivyo kanuni, kisha nikazungusha mkono wa kamba, na karatasi ikaja kutoka mbali ikicheza cheza kwenye waya, ikaja, ikaja, mpaka ikasimama mbele ya pua yangu.

Ilikuwa safi. Haikuwa na tundu hata moja.

Baba alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye kiti. Yeye mwenyewe hakulenga tena. Alisema zamu yake imekwisha, sasa yetu. Akaniambia, "Soma." Sikuelewa. Akanieleza kwamba katika ukoo wetu shabaha husomwa na aliyeilenga mwenyewe, na hapana mwingine anayetia jicho. Babu alifanya hivyo, na baba yake Babu alifanya hivyo. Mtu anatangaza alichopiga, kumi ikiwa katikati kabisa, na neno lake linatosha. "Haya, mama. Soma."

Nikaitazama karatasi. Nikamwona Nassor amekaa mahali pangu, nyuma ya teksi, mkono wa Baba begani kwake. Mdomo wangu ukasema, "Saba. Tano. Nane. Tano. Sita."

Na Baba akacheka. Sijui kama nimewahi kumwona anacheka hivyo, kichwa nyuma, meno yote. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akanibusu utosini. "Wallahi, siku ya kwanza!" akasema. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, shubiri moja kutoka kwenye kanzu yake, nyeupe peee. Nikaikunja nikaitupa kwenye pipa.

Fikirini nilivyofikiri mimi. Mtu mzima, hodari wa vikombe vitatu, anaitazama karatasi isiyo na tundu na kunipongeza kwa nane. Kwa akili ya miaka tisa palikuwa na maelezo ya aina moja tu: anajua. Anajua kwamba sikupiga kitu, na anataka tuendelee kuja wote, kama ninavyotaka mimi. Basi tunacheza. Ni mchezo wa siri wa watu wawili, naye anaucheza vizuri ajabu. Nilimpenda siku ile kupita kiasi.

Ijumaa ya pili nikasoma tisa. Ya tatu nikasoma tisa mbili. Karatasi zote safi. Kila nikisoma, Baba alifumba macho kusikiliza, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Tukirudi, alinitaka nimsimulie njia nzima: jengo lile limefika ghorofa ya ngapi, meli gani imefunga kule, leo mchanga una rangi gani. Nilisimulia mpaka koo likakauka. Nilidhani anapenda sauti yangu, na huenda aliipenda kweli.

Lakini yule wa bega la kushoto hakuwa na mchezo. Yule alikuwa akiandika. Nilimsikia, nakwambieni, kama kalamu ya karani. Nikilala nilimlalia upande huo makusudi, ili asipate nafasi ya kunyoosha mkono. Nikajaribu kumweleza kwamba uongo ambao Baba anaujua si uongo, ni mchezo. Akafungua ukurasa mwingine.

Aliyegundua ni Mwalimu Naliaka, na aligundua kwa sababu ya ubahili. Ijumaa ya nne alisimama katikati ya ukumbi ameshika karatasi mbili alizozitoa kwenye pipa. "Nani anatupa karatasi mpya? Kwani mnadhani zinaanguka kutoka mbinguni?" Nadhani sikio langu lilibadilika rangi. Mwalimu aliliona. Alikuja akasimama pembeni yangu, Baba alipokuwa amekwenda kutafuta kahawa kwa hatua zake za polepole, akanitazama nikilenga.

"Simama hapo. Mbona unalaza kichwa hivyo, kama kuku anayeangalia mwewe? Bunduki iko bega la kulia na wewe unachungulia na jicho la kushoto."

"Ndivyo ninavyoona, Mwalimu."

Akaniambia ninyooshe mikono miwili mbele, niunganishe viganja niache katundu katikati, nitazame taa ya mwisho kupitia katundu kale, kisha nirudishe mikono polepole usoni. Mikono ikaja ikatua kwenye jicho la kushoto. Akarudia mara mbili. "Sawa, mrembo. Huna shida yoyote. Kila mtu ana jicho moja ambalo ni bosi, na bosi wako ni huyu wa kushoto. Hamisha bunduki uiweke bega la kushoto, utaona maajabu."

Bega la kushoto! Bega la yule karani, na kitabu chake kimejaa uongo wangu wa wiki nne! Nimsukume kwa kitako cha mbao, kalamu ikiwa mkononi? Nikakataa. Akanibembeleza, nikakataa. Akaniuliza kwa nini, nikauma mdomo.

"Basi nitamwambia Mzee."

"Usimwambie! Anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba sipigi kitu. Tunacheza tu mimi na yeye."

Mwalimu Naliaka alinitazama, kisha akamtazama Baba aliyekuwa anarudi kutoka kwenye mashine ya kahawa, mkono mmoja ukigusa ukuta. Akazitia zile karatasi mbili mfukoni. "Haya," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya gwaride. "Lakini hiyo game yenu muimalize mapema."

Ijumaa hiyo hiyo mambo yakaharibika. Kwenye sinia, mbele ya Ami Khalfan, mkewe na watoto wake wote, Baba akasimulia. Tisa mbili! Nane kila siku! Alisema mkono wangu umetulia kuliko wake alipokuwa na umri huo. Alisema Babu angekuwa hai angelia. Nikaacha kutafuna. Mchezo wa watu wawili hausimuliwi kwenye sinia. Nikamtazama usoni nikitafuta japo kope moja inayonikonyeza, sikuiona. Ami Khalfan akasema wao hawajaona kitu kama hicho, na Ijumaa ya sita, siku ya kuamua, atakuja na Nassor washuhudie wenyewe.

Wiki mbili zile nilijaribu kuugua. Nilikula barafu, nilikaa juani, nililala na nywele mbichi. Sikupata hata mafua.

Ijumaa ya sita wakaja. Mwalimu Naliaka aliwaruhusu wasimame nyuma ya mstari mwekundu. Nassor alitia mikono mfukoni akitazama kila kitu kama mtu aliyekuja kununua nyumba. Nikatoa salamu zangu kulia na kushoto, nikaegemea, nikaweka shavu. Duara likaelea. Nililitazama kwa roho yangu yote, na lilikuwa zuri, jeusi, tulivu, halina habari nami. Nikafyatua tano. Nikazungusha kamba. Karatasi ikaja ikicheza, nyeupe kama nguo ya mahujaji.

"Soma, mama," akasema Baba. "Soma kwa sauti, wasikie."

Nikawaza jambo moja tu: yeye ndiye aliyeuanza mchezo, na aumalize yeye. Nikaivua karatasi, nikageuka, nikamnyanyulia mbele ya uso wake kabisa, kwa mikono miwili, isiyo na tundu.

Baba akainama. Akatabasamu lile tabasamu la siku aliponibusu utosini. "MashaAllah," akasema. Akamgeukia kaka yake. "Mnaona? Mnaona kazi hiyo?"

Kisha Nassor, na simlaumu, alikuwa mtoto naye, akasema, "Ami, mbona karatasi haina tundu?"

Tabasamu la Baba likabaki pale pale, halijui liende wapi. Mkono wake ukapanda, ukaigusa karatasi pembeni, na dole gumba likaanza kutembea juu yake, taratibu, huku na huku, likaja katikati, likazunguka duara jeusi, likarudi. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa. Nikayatazama macho yake. Yalikuwa yananitazama, lakini pembeni kidogo, kama nimesimama nyuma ya sikio langu mwenyewe. Ndipo yote yakaniingia kwa mpigo mmoja, gari lililouzwa, mkono begani, njia nzima nisimulie. Baba hakuwa akicheza na mtu. Alikuwa haoni, na kila Ijumaa alikuwa ameniamini.

Mengi niliyafahamu baadaye. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula taratibu bila maumivu, na daktari mmoja alishamwambia. Hakumwambia mtu. Hamriya alikuwa na kuli mmoja Msomali aliyemsomea alama za maboksi kwa siri, na Baba alijua siku siri ikivuja kazi imekwisha. Kwa hiyo alichukua alichoona kinampotea akataka kukitia kwangu haraka, kabla hakijaisha chote. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nikisema kweli, Ijumaa zimekwenda.

"Bwana we, kuna nini?" Ami Khalfan akauliza.

"Taa hizi," Baba akasema. "Zinameremeta sana."

Sikuweza. Ningeweza kuvumilia karani wa begani aandike mpaka kitabu kiishe, lakini sikuweza kumwona baba yangu anazisingizia taa kwa ajili ya uongo wangu. "Hakuna hata moja, Baba," nikasema. "Sikupiga hata moja. Wala siku ya kwanza. Wala zile tisa. Zote nilikudanganya. Nilidhani unajua." Nikalia kwa kwikwi, miwani ya plastiki ikajaa ukungu.

Ni Mwalimu Naliaka aliyesogea. "Mzee, mtoto hana kosa la mkono," akasema. "Bosi wake ni jicho la kushoto. Nilimwambia ahame bega, akakataa katakata."

Baba akapiga goti, akanitafuta uso kwa viganja. "Kwa nini ukakataa, mama?"

"Yupo anayeandika," nikasema. "Bega la kushoto. Nitamsukuma. Na ana mengi yangu."

Nassor akaanza kucheka, Ami Khalfan akamkata kwa jicho. Baba hakucheka. Alifikiri, kama ninavyomkumbuka akifikiri juu ya kitako cha mbao, bila haraka. "Huyo hasukumwi na mbao," akasema. "Na haya uliyoyasema sasa hivi, yule mwenzake wa kulia ameshayaandika. Haya. Weka bunduki."

Nikaweka. Kitako kilikaa bega la kushoto kama vile fundi wa Al Jaddaf alilijua siku zote. Jicho likaenda mbele moja kwa moja, shingo haikulala, na duara jeusi, kwa mara ya kwanza, likasimama likaningoja. Miwani ilikuwa bado na ukungu wa machozi. Nikafyatua tano. Karatasi ikaja.

"Soma," akasema Baba.

"Nne," nikasema. "Ya pili haikugusa. Sita. Mbili. Saba."

"Wapi?"

Nikamshika kidole. Nikakipeleka kwenye tundu la kwanza, akaligusa ukingo wake uliochanika. "Hii nne." Nikakipeleka kwenye lingine. "Sita." Nikaruka nikaenda kwenye mbili, kisha saba, lililokuwa limeng'ata ukingo wa weusi. Akakaa juu ya lile la saba muda mrefu.

"Na ya pili haikugusa," akasema.

"Haikugusa, Baba."

"Vizuri." Akalirudia, "Vizuri sana," na macho yake yakajaa. Akasimama, akavuta kanzu yake ikanyooka, akageukia mahali alipodhani kaka yake yupo, akakosea kidogo, akarekebisha. "Kaka," akasema, "na mie nisome yangu. Sioni. Tangu Ramadhani sioni."

Ami Khalfan, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba, akakaa kwenye kiti cha Baba bila kukaribishwa, akashika magoti yake. "Tangu Ramadhani," akasema. "Na mimi ninakula nawe kila wiki." Nassor alikuwa ametoa mikono mfukoni. Watoto wengine waliendelea kufyatua, chafya huku, chafya kule, na baridi ya ukumbi ikatupulizia wote shingoni.

Mimi nilivua miwani nikaifuta, nikaiweka mezani, nikarudi nyuma hatua mbili kumpisha Nassor. Ilikuwa haki yake. Wiki sita, na nilikuwa nimepiga nne, sita, mbili na saba, na nimemwaibisha Baba mbele ya watu. Sikuwa na la kudai.

Mwalimu Naliaka akakohoa, akafungua daftari lake la zamu kwa sababu saa ilikuwa imefika na wengine walikuwa wanangoja. "Mzee, samahani," akasema. "Ijumaa ijayo kwa hii nafasi niandike nani?"

Baba alinyoosha mkono hewani mpaka ukapata bega langu.

"Mwandike huyu," akasema. "Na mie niandike mgeni wake."